Kazi ya jikoni Svalbard huko Arctic, kuna mtu wa pwani ashafika? Na hao dubu je?

mpishi_wa_casuarina

Asalaam alaykum wadau, na habari za jioni kwa wasio waislamu. Mimi ni wa hapa Malindi, nimefanya jikoni kwenye hoteli za huku tangu nitoke shule, Kiitaliano naongea, Kiingereza cha kazini kipo, sasa wageni wamepungua na hoteli niliyokuwa imefunga, tumeambiwa tukae nyumbani tusubiri simu na simu yenyewe haiji. Kuna mzee Mtaliano mteja wetu wa kitambo, ni mwanasayansi wa mambo ya hewa, yeye huenda kila mwaka kituo cha utafiti kinaitwa Ny-Ålesund huko Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, anasema Wataliano wana nyumba yao ya utafiti kule, na mji ulio karibu unaitwa Longyearbyen una hoteli na mahoteli hayo kila msimu yanatafuta watu wa jikoni. Mi nikacheka tu. Lakini usiku usingizi ukakataa nikashika simu nikaanza kusoma na vile nasoma ndo nazidi kuchanganyikiwa.

Mara jua halitoki miezi, mara halitui miezi. Mara hutoki nje ya mji bila bunduki sababu ya dubu weupe. Mara ni marufuku kufa, sijui ukifa wanakushtaki vipi. Mara kisiwa kizima hakuna paka!

Sasa kuna ajenti hapa mjini, kumtajia tu akaniambia anaweza kunitolea kibali cha kazi cha Svalbard kwa laki na themanini, nusu nitoe sasa nusu nikipata tiketi. Mamangu ameshasema tuuze minazi, mke wangu hataki hata kusikia, anasema yeye hakuolewa ili awe mjane wa dubu. Nataka kusikia kwa mtu aliyefika sio mtu aliyesoma kama mimi. Kazi iko vipi, baridi ni ya aina gani, hao wanyama unakutana nao kazini ama ni mambo ya utalii tu, na mtu kama mimi ninayefunga na kuswali anafanyaje mahali jua halitui. Pesa sijauliza bado, najua mtaniambia tu.

baharia_mpate

Yakhe tuanze na huyo ajenti. Usimpe hata ya chai. Svalbard haina kibali cha kazi, hakipo kabisa, sasa yeye atakuuzia nini? Ule mkataba uliowapa Norway vile visiwa ulitiwa saini Paris mwaka 1920, ukasema raia wa nchi zilizosaini wawe na haki sawa kule, na Norway yenyewe ikaamua haitabagua hata ambao nchi zao hazikusaini, ndo maana utakuta Wathai na Wafilipino tele wanafanya kazi zao na hakuna anayewauliza kibali. Shida ni ndia ya kufika. Ndege zatoka Oslo na Tromsø, Norway bara, na hapo ni Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, yataka viza, tena ya kuingia mara mbili, manake Svalbard iko nje ya Schengen, ukifika kule ushahesabiwa umetoka na siku ya kurudi waingia upya. Hiyo viza waomba mwenyewe ukiwa na barua ya mwajiri mkononi. Na gavana wa kule ana uwezo wa kumrudisha mtu asiye na pesa ya kujikimu, hakuna cha kwenda ofisi ya serikali kulia shida. Mkataba wa kazi na mahali pa kulala kwanza, minazi ya mama iacheni hapo ilipo.

Mie sikukaa mjini, mie nalikuwa melini, hizi meli ndogo za watalii ambazo kiangazi zazunguka Svalbard kisha zateremka Greenland, nalianza kwa kuosha masufuria nikapanda hadi jikoni kwenyewe. Kazi ya meli waijua, siku saba za wiki mpaka kontrakti iishe, Ijumaa na Jumanne ni moja. Kilichonisumbua si kazi, kilichonisumbua ni jua. Watoka shifti usiku mkuu, wapanda juu kuvuta hewa, jua liko palee kama la saa tisa alasiri, mwili wakataa kulala, wajilaza na kufunika uso kwa taulo na bado wajua kuna jua. Wenzangu wakongwe walikuwa wakiziba dirisha la kabini kwa karatasi ya jikoni ile ya kuokea, nami nikaiga.

Baridi ya kiangazi si mtezo lakini si ile unayoiwaza, ni nyuzi tano, sita, na upepo. Upepo ndo mwenyewe. Usivae pamba ndani hata siku moja, pamba ikishika jasho yakuua baridi, vaa sufi ndani na juu kitu kisichopitisha upepo. Simu nayo, betri yaanguka kutoka nusu hadi sifuri ukiwa watafuta pembe nzuri ya kupiga picha, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Sasa dubu. Nimewaona, na si mmoja. Melini dubu ni wa kuangaliwa na darubini. Kabla watalii hawajashushwa ufuoni waongoza watalii hutangulia na bunduki na zile fataki za kumtisha, wapanda kila kilima waangalia, na akionekana dubu basi hakuna kushuka, hata kama mtu amelipa maelfu ya yuro akasirike atakavyo. Tangu mwanzo wa 2025 sheria ni mita 300 msimkaribie, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni mita 500, hiyo ndo miezi akina mama watoka na watoto wadogo na wawinda sili juu ya barafu. Dume kubwa lafika kilo mia sita na zaidi na laogelea mbali kuliko mashua zingine za huku. Siku ya kwanza tulipompata mmoja amesimama kwenye kipande cha barafu jiko zima lilitoka na aproni, supu ikaungua na mpishi mkuu hakusema neno, naye alikuwa nje. Lakini sheria ya jikoni ilikuwa moja: mabaki ya chakula hayaachwi wazi hata dakika, dubu pua yake si ya kawaida.

Walionichekesha ni walrasi, wale wanyama wa baharini wenye meno kama ya ndovu, dume tani moja na nusu, walala wamerundikana ufuoni, mmoja akijigeuza wote wanung'unika. Harufu yao yakufikia kabla hujawaona. Waliwindwa kule mpaka wakakaribia kwisha, wakalindwa mwaka 1952, sasa wamerudi wengi.

mla_mkate_wa_mofa

kisiwa hakina paka?? basi watu wa Lamu hamwendi 😂😂 Langoni pale samaki mmoja akianguka paka kumi na wawili wanahudhuria

baharia_mpate

@mla_mkate_wa_mofa ni kweli lakini, paka wamepigwa marufuku kwa ajili ya ndege. Kule hakuna mti hata mmoja, ndege wengi wataga chini. Mlete paka mmoja wa Langoni uone kama msimu utaisha na yai limebaki.

ustadh_mkunguni

Waalaykum salaam. Ndugu muulizaji, hilo la swala lisikuzuie rizki, lina majibu na limeulizwa kitambo sana. Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ndefu ya Dajjal, Mtume swalallahu alayhi wasallam akataja kwamba itakuja siku ndefu kama mwaka, masahaba wakauliza hiyo siku moja tutaswali swala za siku moja? Akawaambia hapana, kadirieni. Angalia walichouliza, hawakuuliza habari ya kula wala kukimbia, waliuliza swala. Hapo ndo wanavyuoni walipojengea, mahali alama za nyakati zimepotea mtu anakadiria, wako wanaosema afuate mji wa karibu ambao mchana na usiku unapambanuka, wako wanaosema afuate saa za Makka, na yote mawili watu wanayafanya leo. Waislamu wa Tromsø kaskazini ya Norway hufuata Makka jua lisipotua. Kule Inuvik kaskazini ya Canada, juu ya mstari wa Arctic, kuna msikiti mdogo ulijengwa Winnipeg ukasafirishwa kwa lori na tishali zaidi ya kilomita elfu nne mwaka 2010, na wao Ramadhani hufuata saa za Edmonton, mji wa Canada ulio kusini yao. Chagua rai moja pamoja na wenzako utakaowakuta ushikamane nayo, usiwe leo Makka kesho Oslo kwa vile Oslo futari ni mapema.

Kibla ni kusini ukielekea kidogo mashariki. Nyama ndo uangalie, samaki hana tatizo, huyo paa wao wa barafuni, reindeer, ni halali akichinjwa lakini wengi kule wanapigwa risasi, ya kupigwa risasi ina masharti yake, niulize pembeni nikueleze.

sululu_wa_mida

Mimi ni mtembeza wageni wa ndege Mida na kule mdomo wa mto Sabaki, Arctic sijafika lakini Arctic inakuja kwangu kila mwaka kwa hivo niruhusuni. Hao vitwitwi mnaowaona wamejaa kwenye tope maji yakitoka, watu wanapita nao tu wanaenda Mambrui kula samaki, wengi wao wamezaliwa Arctic. Kuna mmoja mdogo mdomo umepinda kwa chini, gramu sitini hivi, huyo anataga Siberia kule Taymyr, upande wa Urusi, anafika huku kuanzia Agosti na anaondoka mwezi wa nne akiwa amegeuka mwekundu kifuani kama amepakwa udongo. Watoto wao wanakuja peke yao baada ya wakubwa, hakuna aliyewaonyesha njia.

Na kuna jambo mi huwa nawaambia wageni wanakataa mpaka wasome wenyewe. Kule Siberia kuna panya fulani wa barafuni, lemingi, ambao miaka mingine wanazaana kupita kiasi na miaka mingine wanapotea. Mwaka panya wakiwa wengi mbweha anashiba panya, mayai ya kitwitwi yanasalimika. Mwaka panya wakikosekana mbweha anageukia viota, na mwaka huo watoto wanaofika Afrika wanakuwa wachache sana. Yani unaweza kukaa hapa Sabaki na miguu kwenye tope ukajua mbweha wa Siberia alikula nini mwezi wa saba. Svalbard haina hao lemingi kwa hivo usiwatafute, huko mbweha ana maisha mengine, anafuata dubu anakula mabaki na anapanda miamba kwenye ndege.

Mpishi ukienda niletee habari za buabua wa Arctic. Sio hawa buabua wa Malindi. Huyo anazaa kule juu halafu anakwenda mpaka barafu ya kusini ya dunia na kurudi, kila mwaka, njia yake nyingi ni Atlantiki ndo maana mimi simpati. Watu wanasema kwenye kiota ni mkali kuliko nyuki.

dada_wa_maweni

Nimeambiwa na mdogo wangu nije nisome huku. Mimi ni wa Malindi Maweni na niko Longyearbyen sasa hivi naandika, nilianza kwa kusafisha vyumba nikahamia jikoni. Sululu hao buabua ni kweli tupu, wanataga kando ya barabara ninayopita kwenda kazini, Juni na Julai nakwenda nimenyanyua kijiti juu ya kichwa kama mwehu, manake wanapiga kile kilicho juu zaidi, basi wapige kijiti wasipige mtandio. Mgeni asiyejua anarudi hotelini na damu kichwani.

Kaka mpishi, nikwambie ilivyo. Mji una watu kama elfu mbili na nusu, barabara inaishia nje kidogo tu ya mji, huwezi kuendesha gari kwenda mji mwingine, njia hakuna. Zamani ulikuwa mji wa makaa ya mawe, mgodi wa mwisho wa Wanorway umefungwa 2025, sasa ni utalii na utafiti na vituo vya setelaiti. Kazi ya hoteli ni kazi ya hoteli, jiko ni jiko, utakatakata vitunguu vilevile, tofauti ni kwamba kitunguu kimekuja kwa meli au ndege na hakitupwi ovyo. Mlangoni unavua viatu. Hotelini, makumbusho, kwa daktari, kila mahali, ni desturi ya tangu wachimba makaa walipokuwa wanarudi na vumbi jeusi, sisi wa pwani hapo hatuna la kufundishwa, wageni wa kutoka nchi zingine ndo wanatembea na soksi zimetoboka.

Nyumba ndo kilio. Vyumba ni vichache na vingi ni vya waajiri, ukiacha kazi umeacha na chumba siku hiyohiyo karibu. Kwa hiyo msikilize baharia, kama kwenye mkataba hakuna chumba usipande ndege. Kodi ya mshahara ni ndogo kuliko bara Norway lakini vitu dukani utashika kichwa, nyanya utaihesabu.

Baridi: baharia ameona kiangazi. Mimi nimeona Februari. Ishawahi kufika hasi 46 hapa, mwaka 1986, lakini siku hizi hasi kumi na tano ndo kawaida ya msimu na wenyeji wanalalamika kwamba haigandi kama zamani, mvua inanyesha katikati ya baridi, inaganda juu ya majani na wale paa wao wa barafuni wanashindwa kuchimba kula wanakufa njaa. Hao paa ni wafupi, miguu kama ya mbuzi, wanakuja mpaka dirishani kwangu, huruhusiwi kuwalisha wala kuwafukuza, unasubiri wapite na saa ya kazi inakwenda. Mbweha mweupe usimguse hata akikujia mwenyewe, kuna kichaa cha mbwa kwa mbweha wa huku, akija bila woga ndo ukimbie.

Giza. Jua linazama mwisho wa Oktoba na hutaliona mpaka Februari, na mjini kwa vile kuna milima linafika mwezi wa tatu hivi, watu wanakwenda kusimama kwenye ngazi za hospitali ya zamani kulisubiri, watoto wamepakwa rangi ya njano usoni, ni sikukuu. Mimi msimu wa kwanza wa giza nilikuwa nalala kama nimewekewa dawa na bado nimechoka, daktari akanipa vitamini D na akaniambia niwashe taa kali asubuhi na nitoke nje kila siku hata kama ni giza. Nikawa natoka na dada mmoja Mthai, tunakwenda mpaka kwenye ile alama ya dubu mwisho wa mji tunarudi. Kupita hapo bila silaha hatupiti. Na hii sio mapambo ya watalii, Agosti 2020 dubu aliua mtu kwenye kambi ya mahema pale karibu na uwanja wa ndege, usiku. Mjini kwenyewe dubu akionekana watu wa gavana wanakuja na helikopta wanamsukuma arudi kwao, sisi tunapata ujumbe, jiko linatoa takataka baadaye.

Ya kufa sio kweli hivo. Ukifa umekufa, ila makaburi ya hapa hayapokei jeneza tangu 1950 sababu ardhi imeganda chini haiyeyuki na kitu kilichozikwa kinasukumwa juu. Na wajawazito wanapelekwa bara kabla ya siku zao, hapa hapana wodi ya kuzalisha. Kwa hiyo mwambie mkeo.

Kinachonifurahisha mimi ni wale bata wa baharini wanaokuja kutaga pale kwenye uwanja wa mbwa wa kuvuta sleji. Mbwa wamefungwa minyororo wanabweka kutwa, na bata wametulia hapohapo juu ya mayai, manake mbweha hasogei kwenye mbwa. Sijui nani aliwaambia.

mpishi_wa_casuarina

Wallahi dada umenifungua macho, mungu akulipe, na baharia pia na ustadh. Ajenti nimemwambia anionyeshe huo mkataba wa kazi kwanza, amenizimia simu. Sasa huyo mzee wangu Mtaliano ananiambia nijaribu pia huko Ny-Ålesund kwenyewe, kijiji cha wanasayansi, wote wanakula ukumbi mmoja na wanahitaji wapishi. Ni bora huko ama mjini?

dada_wa_maweni

Huko sijafanya, nimepanda mara moja na meli ya mizigo kumpelekea mtu vitu. Ni padogo mno, baridi wanabaki watu thelathini na kitu, kiangazi wanazidi mia. Bukini wanatembea katikati ya nyumba na makinda yao na mbweha anawawinda mbele ya macho ya maprofesa. Milango haifungwi kwa ufunguo usiku na mchana, ili ukikutana na dubu uingie nyumba yoyote iliyo karibu. Lakini kaka, kule waifai hakuna. Ni marufuku, na blututhi pia, kuna vyombo vyao vya kusikiliza mawimbi kutoka angani na simu zetu zinavivuruga, unaweka simu kwenye hali ya ndege unapofika. Intaneti ni ya waya, unakaa mezani kwenye kompyuta kama ofisi. Mwenye mke mwenye wasiwasi na dubu mi ningeanza mjini, tofauti ya saa na Kenya ni mbili tu, kiangazi moja, ukitoka shifti ya chakula cha usiku unapiga video anakuona uko mzima.

mpishi_wa_casuarina

hapo kwa video umemaliza maneno. Nguo nani ananunua, mimi ama wao?

dada_wa_maweni

Uliza iandikwe. Wengine wanatoa jaketi na buti za kazi, wengine hawatoi. Sufi za ndani nunua ukifika Oslo kama una muda au mitumba ya hapa, watu wakihama wanaacha nguo nzuri kabisa bure. Buti usinunue Malindi. Bizari beba, ya pilau na ya samaki, na ukija unibebee mimi robo ya iliki nakurudishia pesa.

baharia_mpate

Na glovu jozi mbili, moya itapotea.